Gharama ya Kufika Gelai

Kutoka Longido kwenda Ketumbeine na kuendelea hadi Gelai, wakati wa kiangazi, hakuna la kutisha. Kuna vumbi, kuna mawe, kuna makorongo yaliyochimbwa na mvua za mwaka uliopita, lakini dereva mvumilivu mwenye gari lililoinuka kidogo atafika. Mvua ikigusa mbuga mambo hubadilika. Udongo mweusi hunyonya maji, huvimba, kisha hunata. Tope hujaa kwenye meno ya tairi mpaka tairi linakuwa laini kotekote, na gari huanza kwenda upande hata mahali pasipo na mteremko. Aliyezoea lami hawezi kuliamini tope hilo mpaka limkamate.

Huko ndiko iliko kazi yangu. Mimi ni daktari wa mifugo niliyestaafu serikalini, na sasa nachanja na kutibu ng'ombe, mbuzi na kondoo wa wafugaji wa Longido na Monduli kwa gari langu mwenyewe. Ni Landrova Defender 110 ya mwaka 1996, injini ya dizeli aina ya 300Tdi. Kabla ya kuwa yangu ilikuwa ya mradi, ikitembea na namba za DFP za miradi ya wafadhili, na mradi ulipofungwa ikauzwa mnadani.

Wanangu huniuliza kwa nini nisinunue gari jepesi nikapumzika na mambo ya gereji. Jibu langu liko kwenye mtungi uliofungwa mikanda nyuma ya kiti cha dereva. Ndani yake kuna naitrojeni ya maji, baridi yake nyuzi 196 chini ya sifuri, na ndani ya naitrojeni kuna chanjo ya ndigana kali, ugonjwa wa kupe unaomaliza ndama. Chanjo hii ni vimelea hai. Ndama hudungwa vimelea hivyo na papo hapo hudungwa oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini, ili mwili ujifunze kupigana bila kuzidiwa. Vimelea vikishatolewa kwenye baridi na kuchanganywa, vinapaswa kutumika ndani ya saa chache. Mfugaji naye amezuia ndama bomani tangu alfajiri, majirani wameleta wa kwao, vijana wameacha kwenda malishoni ili wasaidie kukamata. Gari likilala korongoni, hasara inawaangukia watu wengi kwa pamoja.

Kwa hiyo nataka kuwaeleza wasomaji gari la namna hii ni kitu gani hasa, linampa nini mwenye nalo na linamdai nini. Nawaona vijana wengi wakilitamani kwa sababu ya umbo lake, na naona mengine mengi yameegeshwa chini ya miti, yamepandwa na majani, kwa sababu mwenyewe hakuambiwa ukweli siku ya kununua.

Landrova ilizaliwa kutokana na uhaba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na chuma kidogo cha kugawa viwandani, na kampuni ya Rover ilihitaji kitu cha kuuza nje. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey kule Wales, na shambani alitumia gari la Jeep la Kimarekani lililobaki vitani. Akaona Rover inaweza kutengeneza gari la mkulima. Bodi likafanywa la aluminiamu kwa sababu hiyo ndiyo iliyopatikana, na gari likaonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Tangu hapo hadi Defender ya mwisho ya umbo lile la zamani ilipotoka kiwandani Solihull, tarehe 29 Januari 2016, yalitengenezwa magari zaidi ya milioni 2. Kwetu yalifika na mabwana shamba, mapolisi, wamisionari na wahifadhi wa wanyama. Watu wa rika langu tulipanda zile tulizoziita mia na tisa, zilizotajwa kwa inchi zilizo kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, na springi zake za majani zilituchosha viuno. Mia na kumi iliyokuja mwaka 1983 ilibadili springi hizo zikawa za mviringo, na yeyote aliyepanda zote mbili kati ya Engaruka na Engaresero anaujua ukubwa wa mabadiliko hayo.

Sasa tuingie chini ya gari, maana huko ndiko kuna utamu na huko huko kuna maumivu.

Gari likikata kona, gurudumu la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani. Kifaa kinachoruhusu hilo ni difu. Bila difu, tairi zingeburuzana na kuvunja shafti. Lakini difu ina tabia moja mbaya: nguvu ya injini huikimbilia njia nyepesi. Gurudumu moja likiingia kwenye utelezi, hilo ndilo linalozunguka bure, na lile lililokanyaga pakavu linasimama. Ndiyo maana unaona gari dogo limekwama huku tairi moja tu likirusha matope. Defender yangu huendesha magurudumu yote manne muda wote, kwa hiyo ina difu tatu: ya mbele, ya nyuma, na ya kati iliyo ndani ya transfa, giaboksi inayogawa nguvu mbele na nyuma. Zikiachwa huru zote, tairi moja tu linaloteleza linaweza kulisimamisha gari zima. Dawa yake ni kile kijiti kifupi kilicho kando ya gia. Ukikisukuma kushoto, difu ya kati inafungwa, taa inawaka kwenye dashibodi, na kuanzia hapo nguvu lazima igawanywe mbele na nyuma. Kijiti hichohicho ndicho kinachoingiza gia nzito. Ukiwa gia nzito namba moja, injini huzunguka zaidi ya mara 40 ili tairi lizunguke mara moja. Gari linatambaa taratibu kuliko mtu anayetembea, na lina nguvu ya kupanda mahali ambapo mtu angetumia mikono.

Utaratibu wake ni kufunga difu kabla ya tope. Ukisubiri mpaka umeshazama, umeshachimba shimo. Naingia mbuga kwa gia nzito namba mbili au tatu, mwendo uleule, mguu umetulia, wala sisimami mpaka nipate ardhi ngumu. Kwenye mteremko wa mawe nashuka kwa gia nzito namba moja nikiacha breki kabisa, injini yenyewe inalizuia gari. Na nikirudi kwenye lami nafungua, kwa sababu difu ikiachwa imefungwa mahali pakavu, shafti zinajisokota na kitu lazima kivunjike.

Furaha ya kulimiliki gari hili siwezi kuieleza kwa hesabu za nguvu farasi, maana 300Tdi ina 111 tu na kwenye barabara kuu malori yanakupita. Furaha iko kwingine. Iko pale unapofika kwenye korongo, ukashuka, ukavua viatu, ukapita majini kwa miguu kupima kina na kukagua mawe, ukarudi ukaketi, ukavuka. Maji yakipita nusu mita sivuki, nangoja yapungue, na kungoja huko nako kumenifundisha mengi kuhusu nchi yetu. Iko pale unapoteremka kuelekea Ziwa Natron asubuhi, Ol Doinyo Lengai iko kushoto au kulia kwako kutegemea umetokea wapi, hakuna gari jingine, na unajua kwamba uliyoyabeba yatafika salama. Iko pale kina mama wanapotoka bomani kwa sababu wameusikia mngurumo kabla ya kuona vumbi. Vijana huniita yeyo, yaani mama. Watoto wanaujua mlio wa Landrova yangu na kuutofautisha na wa gari la mbunge.

Na furaha kubwa zaidi kwangu ni hii: gari hili nalielewa. Pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, haina kompyuta. Injini ikishawaka, umeme inaouhitaji ni ule wa waya mmoja tu unaofungua kizibo cha mafuta kwenye pampu. Siku waya huo ulipokatika porini, niliutafuta, nikaupata umesuguliwa na bano, nikauunga, nikaendelea na safari. Mwanamke mwenye spana na subira anaweza kufanya hivyo. Sisemi kwa kujigamba. Nasema kwa sababu wasichana wengi wanaosoma udaktari wa mifugo wanaambiwa kazi za vijijini haziwafai kwa ajili ya magari. Si kweli, na inafaa wasikie hivyo kutoka kwa mtu anayeifanya.

Sasa maumivu.

Kubwa kuliko yote ni maji. Injini ya 300Tdi ina bloku ya chuma cha kusubu na silinda hedi ya aluminiamu. Vitu hivi viwili havipanuki sawasawa vikipata moto. Gari likichemsha mara moja tu kwa dhati, hedi inapinda, gasketi yake inapasuka, na maji yanaanza kuingia pasipo pake. Hapo unashusha hedi, unaipeleka kwa watu wa mashine isawazishwe, unanunua gasketi yenye unene unaostahili, na umepoteza wiki na fedha nyingi. Lakini chanzo cha yote hayo kwa kawaida ni kitu kidogo mno. Upande wa mbele wa injini, nyuma ya bano linaloshika alteneta na pampu ya usukani, kuna gasketi ndogo yenye umbo la herufi P. Mafundi wa Landrova duniani kote wanaijua kwa herufi hiyo. Bei yake haifiki ya chakula cha mchana cha watu wawili. Ikichakaa inadondosha maji tone moja moja, tena mahali pasipoonekana, na joto la injini linayakausha kabla hayajagusa ardhi. Mwenye gari anaona rejeta inapungua, anaongeza maji, anasema ni hali ya hewa. Halafu siku moja anapanda mlima Monduli na mzigo.

Kuna jambo jingine kuhusu geji ya joto ambalo madereva wengi hawalijui. Geji hiyo inapima joto la maji. Maji yakiisha kabisa, kipimo kinabaki kwenye hewa, na mshale unaweza kukudanganya kwamba mambo ni shwari wakati injini inaungua. Kwa hiyo nimefungiwa kengele ya kiwango cha maji kwenye chupa ya akiba. Vizibo vya plastiki vya juu ya rejeta na kwenye nyumba ya themostati, ambavyo hupasuka vikizeeka, nimeviondoa na kuweka vya shaba. Kila asubuhi kabla ya kuwasha naangalia maji na oili kwa macho yangu. Simtumi mtu.

La pili ni mkanda wa taimingi. Huu unaunganisha mzunguko wa injini na ule wa vavu na pampu ya dizeli. Ukikatika, vavu na pistoni zinakutana, na injini imekwisha hapo hapo. Kiwanda kiliandika kilomita 120,000 au miaka 6 kwa matumizi ya kawaida, na nusu ya hapo kwa gari la vumbi na joto. Gari la Longido ni la vumbi na joto. Kilomita 60,000 ndiyo mwisho wangu, wala sikubali kuambiwa kwamba mkanda unaonekana bado mzima. Anayenunua Landrova ya mkononi bila karatasi inayoonyesha mkanda ulibadilishwa lini, aubadilishe kabla hajaipeleka hata sokoni.

Halafu kuna magurudumu. Kule mbele, gurudumu linalosukumwa na injini lazima pia ligeuke kushoto na kulia, kwa hiyo kuna tufe kubwa la chuma linaloizunguka shafti, na ndani yake kuna grisi au oili iliyozuiwa na sili ya mpira. Tope na mchanga vinaposuguliwa kwenye tufe hilo, linakwaruzika. Likishakwaruzika linachana sili. Sili ikichanika oili inatoka na maji yanaingia. Ukivuka mto gari likiwa limetoka mwendo mrefu, ekseli ni za moto. Zikigusa maji ya baridi, hewa iliyomo ndani inasinyaa na kuvuta chochote kilicho karibu, yaani maji ya mto. Ndiyo maana kila difu na giaboksi ina mrija wa kupumulia unaopanda juu, na mrija huo ukiziba kwa tope hauna kazi. Baada ya msimu wa mvua mimi hufungua vizibo vya difu ya mbele na ya nyuma. Oili ikiwa imegeuka nyeupe, ina maji, inamwagwa yote. Lita kadhaa za oili ya difu ni rahisi kuliko difu yenyewe.

Beringi za magurudumu zinabanwa na nati kubwa ya milimita 52, na spana ya boksi ya saizi hiyo haikosekani kwenye sanduku langu, kwa kuwa ukiharibikiwa Gelai hakuna wa kukuazima. Jambo linalowachanganya mafundi wapya ni kwamba gari hili lilikua polepole kwa miaka mingi bila kuanzishwa upya. Injini inafunguliwa kwa spana za milimita, lakini bolti za shafti ya propela zinataka spana ya inchi, tisa kwa kumi na sita. Fundi asiyejua hilo analazimisha spana ya 14 au 15, anakula kona za bolti, halafu anaomba patasi. Nikimwona fundi anachukua patasi na nyundo kwenye bolti ya propela yangu, namwomba kwa heshima asimame.

Na aluminiamu ile iliyozaliwa na uhaba inasifiwa kwamba haishiki kutu. Ni kweli kwa nusu. Chini yake kuna fremu na chesisi za chuma, na aluminiamu ikigusana na chuma penye unyevu, kimojawapo kinaliwa. Kwenye milango ni aluminiamu inayogeuka unga mweupe. Kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, na kwenye boriti ya nyuma ya chesisi, ni chuma kinachooza. Magadi ya Natron yanaharakisha kazi hiyo. Nikitoka huko naosha chini kwa maji mengi kabla ya kitu kingine chochote. Vumbi la kule pia limechanganyika na majivu ya volkano, laini mno, na filta ya hewa inayokaa msimu mzima mjini, huko inataka kufunguliwa kila jioni.

Nimeacha spea mwisho kwa makusudi, maana hapa ndipo nina uchungu.

Sili, beringi au krosi ya Landrova inapatikana Arusha kwa bei tatu au nne zinazotofautiana sana, na zote ziko kwenye boksi zuri. Mwaka mmoja nilifungiwa sili za habu za nyuma zilizouzwa kama orijino katika duka moja. Hazikumaliza msimu. Oili ya ekseli ikapita ikalowesha breki, na gari lenye mtungi wa naitrojeni na watu wawili nyuma likawa linasimama upande mmoja tu. Duka halikukubali kurudisha. Walisema fundi ndiye aliyeharibu. Fundi wangu, mzee aliyeanza na Landrova za mia na tisa akiwa kijana, alichukua ile sili, akaikunja kwa vidole, akanionyesha jinsi mpira wake ulivyokuwa mgumu na ile springi nyembamba ya ndani ilivyokwisha kufumuka. Kisha akachukua nzuri, akaikunja, ikarudi. Nikajifunza kupima kwa mkono badala ya kusoma boksi. Kwa beringi naangalia jina lililochongwa kwenye chuma chenyewe, na sinunui isiyokuwa na jina. Kitu nisichokipata kwenye maduka ya Unga Limited, Arusha, nakiagiza Nairobi, kinakuja na basi kupitia Namanga, na wakati mwingine nasubiri. Kusubiri ni sehemu ya gharama. Mtu asiyeweza kulaza gari siku tatu akingoja sili moja asinunue gari hili.

Spea bandia kwenye mfumo wa breki ni hatari kwa uhai wa watu, na naona ajabu tunavyolizungumza jambo hili kama shida ya bei tu. Anayeuza dawa bandia ya mifugo tunamwita mhalifu. Anayeuza sili na pedi bandia za breki tunamwita mfanyabiashara mjanja. Ningependa tuwatazame kwa jicho moja.

Wapo watakaosema dawa ya yote haya ni kununua Land Cruiser, ile ngumu tunayoiita mkonga. Sitabishana nao. Injini yake ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, ni moja ya injini zenye subira zaidi zilizowahi kufika Afrika, na hospitali na mashirika hayakuichagua kwa bahati. Kama ningekuwa na fedha za kununua nzuri, huenda ningekuwa nayo. Lakini mkonga uliotunzwa una bei kubwa hata ukiwa mzee, na ule wa bei nafuu mara nyingi umeshateswa. Kwa fedha niliyokuwa nayo, Landrova ilinipa springi laini zinazoutunza mtungi wangu, uwezo uleule wa kupita, na chuma ambacho fundi wangu anakifahamu. Kati ya Landrova zenyewe, ile ya Td5 iliyoanza mwaka 1998 ina injini tamu yenye nguvu zaidi, ila ina kompyuta, na oili ya injini ina tabia ya kutambaa ndani ya nyaya za injekta mpaka ikaifikia kompyuta hiyo. Mjini utapata wa kuisafisha, Gelai humpati. Defender mpya iliyotambulishwa mwaka 2019 haina hata chesisi ya kujitegemea. Ni gari zuri la mtu mwingine mwenye kazi nyingine.

Anayetaka kununua ya zamani aende na nyundo na tochi. Agonge boriti ya nyuma ya chesisi na asikilize. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Avue zulia aangalie sakafu ya miguu. Afungue kizibo cha maji injini ikiwa baridi na aangalie kama kuna mafuta yanaelea. Aliwashe mwenyewe, asikubali kulikuta limeshapashwa moto. Aingize gia nzito na kufunga difu, aone taa inawaka na, muhimu zaidi, inazimika, kwa sababu kwenye gari lililokaa mjini miaka mingi kijiti hicho hukutwa kimegandana. Alale chini aangalie nyuma ya magurudumu yote manne kama kuna oili. Na bei watakayokubaliana isiwe fedha yake yote. Robo au theluthi aibakize kwa ajili ya miezi sita ya kwanza, maana gari la namna hii linapobadilisha mwenyewe hudai kila kilichocheleweshwa na mwenyewe wa zamani.

Mwezi Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Landrova, na magari yalijaa barabarani kwa wingi ambao hakuna aliyekuwa amewahi kuuona hapa: mia na tisa za wazee, za watalii zilizorefushwa, za mashamba zisizo na milango. Nilifurahi kama kila mtu. Lakini nilipotazama waliokuwa wamefungua boneti wakihangaikia yaliyochemsha kwenye msafara, wengi walikuwa wazee wa umri wangu. Vijana walikuwa wanapiga picha. Mafundi wanaojua kupanga transfa kwa kusikiliza meno yake wanastaafu, na vyuo vinafundisha, kwa haki kabisa, magari ya kompyuta yanayolisha familia za mjini.

Ndiyo maana safari hii, kabla ya masika, transfa yangu itakaposhushwa kubadilishwa sili na beringi, nimemwomba fundi amruhusu kijana wake, msichana wa chuo cha ufundi cha VETA aliye mafunzoni, aifunge yeye kuanzia bolti ya kwanza hadi ya mwisho. Itachukua muda mara mbili, na siku hizo za ziada nazilipa mimi. Mzee alisita kwanza, akauliza ikiharibika je. Nikamwambia ikiharibika tutaifungua tena. Beringi ziko tayari, zina jina. Tunaanza Jumatatu.